Majina ya Kifungu cha Tisa

Kellen, umeniuliza swali la mstari mmoja, na mimi sina jibu la mstari mmoja. Unasema watu wa komini yake, wilaya mnavyosema ninyi, wameleta barua hapa ofisini, wanataka daraja lao lipewe jina la Cassien Rwamigabo, na wewe unataka kujua huyo Cassien alifanya nini alipokuwa mbunge. Kaa chini basi. Chai yako ikipoa usinilaumu. Wewe umefika Kigali mwezi wa nane kutoka Mbarara, mimi chumba hiki cha Kiyovu nimekaa ndani yake miaka sita na taipureta hii hii. Nitakwambia kwa Kiswahili, maana Kinyarwanda chako bado kinachechemea, na Kiingereza chako sikijui. Mimi ni mtoto wa Biryogo, huko Kiswahili ndicho tulichonyonya.

Na Cassien naye Kiswahili alikuwa nacho. Kabla ya siasa aliendesha malori miaka kumi na miwili, Mombasa kuja Kigali, Kigali kwenda Mombasa. Huko ndiko alikookota lugha, tumbo, na tabia moja ambayo hakuiacha hata alipovaa tai. Kila gunia kwenye lori lake lilikuwa na jina la mwenyewe. Alikuwa akiniambia, "Dada Pude, mzigo usio na jina ni mzigo wa wizi." Sentensi hiyo nimeisikia mpaka nikaichukia.

Alikuwa mcheshi, mwenye huruma, na mpenda sifa. Nisikufiche, alipenda sifa kupita kiasi. Kila kikao cha bunge kilipokwisha aliandika ripoti ya aliyoyafanya, mimi naipiga chapa kwenye stensili, tunadurufu nakala mia mbili, zinapanda basi Nyabugogo kwenda kubandikwa komini nzima: mlangoni pa ofisi, zahanati, kanisani, kwenye baa. Wabunge wengine waliandika "nimeleta maji". Yeye aliandika nani kaletewa maji, jina lake, sekta yake, seli yake ndani ya sekta, kazi yake. Watu walitembea saa tatu kwenda kujisoma. Vikongwe wasiojua kusoma waliomba waonyeshwe jina lao lilipo, wakaligusa kwa kidole. Hakuna mbunge mwingine aliyependwa vile.

Sasa njoo Desemba ya mwaka jana. Kikao kinafungwa, bunge lenyewe linakwisha. Tuliambiwa kutakuja bunge la mpito, na kila chama kitapeleka watu wake. Kwa upande wetu nafasi ilikuwa moja, na waliokuwa wakiitaka ni wawili: Cassien na Léonce. Léonce alikuwa mkaguzi wa shule zamani, suti imenyooka, sauti ya taratibu. Siku hizo alikuwa amepata marafiki wapya, watu wasio wanachama, ambao walimfuata mikutanoni na kusimama ukutani bila kusema kitu. Kamati ya chama ingekaa Jumamosi, Remera, ichague.

Alhamisi asubuhi Cassien akaniletea daftari lake. Nikapiga vifungu vinane bila tabu: daraja, madawati, nesi wa zahanati, bomba la shule. Nikafika cha tisa. Kichwa chake: Watu Niliowatoa Gerezani.

Hapo lazima nikueleze, maana ninyi mlikuwa ng'ambo. Vita vilipoanza Oktoba tisini, watu walizolewa maelfu kwa maelfu, wakaitwa ibyitso, yaani vibaraka wa adui, wakajazwa uwanjani na magerezani bila kesi. Mdogo wangu Valens, mwalimu wa darasa la nne kwenye komini ya Cassien, alikuwa mmoja wao. Hapo ulipoweka miguu yako, kwenye saruji hiyo, ndipo nilipopiga magoti. Cassien akaniinua, akasema, "Usichafue gauni." Kisha akazunguka ofisi kwa ofisi miezi mitano, akatukanwa, akafungiwa milango, mpaka Machi watu thelathini na mmoja wa komini yake wakatoka. Valens alitoka akiwa na uzito wa kilo arobaini na tano. Kwa hiyo usidhani namsema Cassien vibaya. Ndugu yangu anapumua kwa sababu yake.

Kwenye daftari walikuwepo wote thelathini na mmoja. Namba kumi na nne: Valens Nkezabera, mwalimu. Lakini sekta haikuwa ile ya zamani. Baada ya gereza wengi walihama, wakaanza upya mahali wasipojulikana, na Valens naye. Cassien alikuwa akiwaandikia barua kila mwaka mpya, kwa hiyo alijua kila mmoja alikohamia. Akaziandika anwani mpya, kwa mwandiko mzuri kabisa, na majivuno juu yake.

Vidole vyangu vikasimama. Wiki mbili kabla, Valens alikuja kwangu Biryogo, hakutaka hata kukaa. Alisema kuna watu wamepita kwa diwani wa sekta yake, wanataka orodha ya waliofungwa mwaka wa tisini na wanakokaa siku hizi. Diwani akawaambia hana. Wakamwambia watarudi. Na redio mpya ya mjini ilikuwa imeshaanza kutaja watu kwa majina kuwa ni vibaraka, mchana kweupe, katikati ya muziki.

Nikaenda mezani kwake. Nikasema, "Mheshimiwa, kifungu cha tisa tukiweke bila majina."

"Bila majina? Dada Pude, unanitania."

"Tuseme watu thelathini na mmoja, inatosha."

"Léonce naye anasema thelathini na mmoja. Anazunguka anasema ni yeye aliyewatoa. Sasa tutajuaje mzigo ni wa nani?" Akajibu mwenyewe: "Ni wa mwenye hati. Piga, dada. Basi linaondoka kesho saa nane."

Nikapiga. Ndiyo, Kellen, nilipiga, na usinitazame hivyo. Nilimwogopa, na zaidi ya kumwogopa nilimwonea haya. Mtu amekutolea ndugu yako jela, utasimama umwambie nini? Sikutaka niambiwe asante ya punda ni mateke. Nikapiga majina yote, sekta zote, seli zote, na Ijumaa asubuhi nikazungusha mkono wa mashine mpaka bega likauma. Nakala mia mbili, zimefungwa kwa kamba ya katani.

Cassien mwenyewe alinipeleka Nyabugogo kwa gari lake jeupe, mzigo mapajani kwangu. Tukasimama karibu na basi. Unaijua Nyabugogo mchana: magunia ya maharage, mkaa, wachukuzi wanasukumana, kila mtu anaita. Kondakta alimjua Cassien, akaja dirishani mbio.

"Mama, iko mzigo ama hakuna? Gari inaenda."

Sikushuka. Nilinyanyuka kidogo, nikauweka ule mzigo chini yangu, nikaukalia. Mimi si mwembamba, unaniona.

Cassien akadhani nimeugua. "Pude, vipi?"

"Siugui. Sishuki."

"Watu wanatutazama."

"Watazame."

Wachukuzi wakaanza kucheka, mbunge kashindwa na karani wake. Shingo yake ikavimba. Akaniambia kwa sauti ya chini, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kwamba kesho akikosa ile nafasi atarudi kuuza vipuri vya malori, na kwamba katika maisha yake yote jambo moja kubwa amelifanya, moja tu, na jambo hilo nimelikalia.

Nikamwambia, "Valens alikuja kwangu. Kuna watu wamekwenda kwa diwani wanatafuta orodha ya waliofungwa na wanakokaa. Diwani hana. Gereza halitoi. Hakuna mwenye nayo nchi nzima ila wewe. Hiyo orodha wanayoitafuta, Mheshimiwa, ndiyo hii, na wewe unataka kuwabandikia mlangoni."

Kwenye kibanda cha soda redio ilikuwa juu. Wimbo ukakatika, mtangazaji akaanza kumzungumzia mtu mmoja wa mjini, jina lake, mtaa wake, rangi ya gari lake, huku akicheka. Cassien alisikiliza mpaka mwisho. Kondakta akagonga bati mara mbili. Cassien akamwambia, "Nenda, hakuna mzigo."

Basi likaondoka. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kulia kwa nafuu. Yeye akawasha gari, akasema bila kunitazama, "Milangoni sibandiki. Lakini kesho kamati ni watu wetu, ndani ya chumba kimoja. Nao nisiwasomee? Léonce achukue na hilo?"

Nikamwambia asisome. Jumamosi asubuhi nilipomwona anaingia Remera, daftari lilikuwa mfuko wa ndani wa koti, nililiona limevimba.

Kamati ilikaa chumba cha nyuma cha baa, karibu na uwanja wa mpira. Watu kumi na wanne na mwenyekiti, mzee mfupi mwenye kutafuna kijiti. Mimi niliwekwa meza ya pembeni niandike kumbukumbu. Wale marafiki wapya wa Léonce, walinzi ukitaka kuwaita hivyo, walikuwa wawili siku hiyo, wamesimama dirishani. Nilimuuliza mwenyekiti kama ni wanachama. Akaniambia niandike, nisiulize.

Léonce akaanza. Kwa utaratibu wake ule akasema yeye si mtu wa madaraja, yeye ni mtu wa watu, na kwamba ndiye aliyewatoa gerezani watu thelathini na mmoja. Alilisema bila kupepesa macho. Kisha Cassien akasimama, akataja vifungu vyake vinane vizuri, watu wakapiga makofi. Akafika cha tisa, akasema, "Na hao thelathini na mmoja niliwatoa mimi."

Mwenyekiti akatoa kijiti mdomoni. "Fahali wawili, zizi moja. Nani ana majina?"

Léonce akatabasamu. "Mimi sikuyaandika, sikufanya kwa ajili ya sifa. Lakini mwenzangu ni mtu wa majina, sote tunamjua. Atusomee. Tena atuachie nakala, kamati iitunze."

Nikatazama dirishani. Mmoja wa wale wawili alikuwa ametoa kijitabu kidogo na kalamu. Alifungua kifuniko cha kalamu, akakichomeka kwa nyuma, akasubiri. Nilimwangalia Cassien, nikawa nasema moyoni, tazama dirishani, ewe mtu mzito, tazama dirishani.

Mkono wake uliingia kwenye koti. Ukakaa huko. Chumba kizima kilisubiri, na mimi najua alikuwa ameshika nini, na najua alivyolitaka jambo lile, kuliko mke, kuliko chakula. Alikuwa anamtazama mwenyekiti. Kisha macho yakahama, yakafika dirishani, yakaiona kalamu. Sijui yalikaa pale muda gani. Mkono ukatoka na kitambaa cha pua. Akajifuta uso.

"Sina majina," akasema.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake. Mwenyekiti akasema, "Cassien hana majina? Hata moja?"

"Hata moja. Nilisema makubwa kuliko nguvu zangu."

"Kwa hiyo si wewe uliyewatoa?"

Léonce peke yake ndiye ambaye hakuwa anacheka. Yule wa dirishani alikuwa bado ameshika kalamu. Cassien akasema, "Kama Léonce anasema ni yeye, basi ni yeye. Mwulizeni yeye."

Mwenyekiti akanigeukia. "Andika."

Nikaandika, kwa mkono wangu huu: Mheshimiwa Cassien Rwamigabo amekiri kwamba hakumtoa mtu yeyote gerezani. Nimefanya kazi ya ukarani tangu nina miaka kumi na tisa, na sijapata kuandika mstari mzito kama ule. Kura zikapigwa, kumi na moja kwa tatu. Léonce akapita.

Tulipotoka, Léonce alinifuata mpaka mlangoni. "Mama Pudentienne, wewe ndiye unayempigia chapa. Stensili huwa mnaziweka wapi?"

"Mimi hupiga herufi, mzee. Herufi hazina kwao."

Akanitakia Noeli njema.

Nje mchoma nyama alikuwa na jiko lake la mishikaki ya mbuzi. Cassien alisimama pale amempa kila mtu mgongo. Akatoa daftari, akachana kurasa za kifungu cha tisa, akazisukuma katikati ya makaa kwa mshikaki mtupu. Mchoma nyama akakasirika. "Patron, unanitia moshi kwenye nyama." Cassien akamwomba radhi, akanunua mishikaki minne ambayo hakuila.

Akaniuliza, "Stensili?"

"Nimeichoma leo alfajiri."

"Na zile mia mbili?"

"Nimepikia maharage."

"Yaliiva?"

"Yaliiva."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka. "Basi andika hivyo," akasema. "Kikao hiki mbunge wenu alipika maharage." Nikampa leso yangu, maana yake ilikuwa imeloa.

Aprili ya mwaka huu ikaja. Hiyo sikuhadithii, si leo na si kwa chai. Cassien aliuawa wiki ya kwanza ya mauaji. Nilimpenda yule mtu, na kumwambia sikumwambia.

Na sitakudanganya kwamba majivu yale yaliwaokoa wote. Mauti yalikuwa na njia nyingine nyingi, hayakuhitaji karatasi ya Cassien kila mahali. Lakini katika wale thelathini na mmoja najua wanane walio hai, na watano kati yao wameniambia kwa midomo yao kwamba kule walikohamia hakuna aliyepata kujua kuwa waliwahi kufungwa. Valens ni mmoja wa hao watano. Yuko nyumbani kwangu sasa hivi, hasemi sana, anamenya viazi.

Sasa wewe unataka mafanikio ya mbunge. Vifungu vinane nimekupigia, hivyo hapo mbele yako, daraja ndilo la kwanza. Juzi nikaweka karatasi mpya, nikasema cha tisa nacho nitakipiga, na majina yote, sekta zote, seli zote, kama mwenyewe alivyopenda, maana sasa yanaweza kuandikwa na yanatakiwa kuandikwa. Daftari hakuna, lakini vidole vya karani vina akili yao. Nilifumba macho, vikaenda vyenyewe. Moja, mbili, tatu. Namba kumi na nne ilipita nikiwa natabasamu. Nikafika ishirini na mbili, vikasimama.

Nimerudi kuanzia moja, vimesimama pale pale. Nimeanza thelathini na moja kurudi nyuma, vimesimama pale pale. Najua sekta yake, Rugogwe. Najua seli, Karambi. Najua kazi, fundi baiskeli. Jina halipo. Nimemuuliza Valens, anasema gerezani walimwita Fundi, alikuwa mrefu, aliwapa wengine uji wake. Wale saba wengine nao wanasema Fundi. Nimetuma mtu Karambi, nyumba yake imebaki ukuta mmoja na hakuna jirani wa kuuliza. Na mimi ndiye niliyemchoma, Kellen, kwa mkono huu, chini ya sufuria. Ningefanya vile vile tena, na bado silali.

Kwa hiyo ripoti hiyo usiitume. Ina mzigo mmoja usio na jina, na Cassien mwenyewe asingeipokea. Bandika kwanza tangazo hili mlangoni, na jingine Nyabugogo, pale wanapoteremka watu wa upande ule. Nimeshalipiga, R yake imekatika lakini inasomeka:

Anatafutwa anayejua jina la fundi baiskeli wa Rugogwe, seli ya Karambi, mtu mrefu, aliyetoka gerezani Machi 1991. Aje kwa Pudentienne, Kiyovu, chumba cha nyuma. Yupo kila siku mpaka saa kumi na moja jioni.